Kiuno Kwanza, Mikono Baadaye

Sisi tunaowaandikia ni wanawake wawili wa Mbamba Bay, mtu na mdogo wake. Tulizaliwa juu huko Umatengo, upande wa Litembo, tukaolewa huku chini ziwani. Kijana tutakayemsimulia amezaliwa na mmoja wetu, lakini kwa desturi yetu mtoto wa dada ni mtoto, na mtoto wa mdogo wako ni mtoto. Basi tutasema tu "mwanetu", na msitake kujua zaidi ni yupi kati yetu aliyembeba mimba. Tunaandika kwa sababu akina mama wengi wanaumwa migongo na kunyamaza. Na yale tuliyojifunza juu ya jambo hilo yametujia kwa njia ambayo hata sisi tunaona haya kidogo kuieleza. Yametujia kwa mchezo wa gofu.

Mbamba Bay hakuna uwanja wa gofu. Kuna ziwa, kuna mchanga, kuna mitumbwi iliyopinduliwa na usipa walioanikwa juani, na kuna mbuzi wanaokula kila kitu. Mpira mdogo mweupe wa gofu wengi wetu tulikuwa hatujauona kwa macho mpaka mwanetu alipoutoa mfukoni, na mtoto mmoja wa jirani akauliza ni yai la ndege gani.

Mwanetu alikwenda Dar es Salaam mwaka 2017, baada ya kumaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea. Baba yake alitaka abaki avue samaki. Ana mitumbwi miwili na nyavu, na wana wengine hana. Kijana akaondoka hata hivyo. Huko mjini akapata kazi ya kubeba mifuko ya wachezaji wa gofu, kazi wanayoiita ukedi. Tulipowauliza watu tukaambiwa ni kazi halali wala si ya aibu. Mchezaji hutembea mashimo 18, ambayo ni kilomita nane au zaidi, na mfuko wake unaweza kuwa na fimbo hadi 14. Kedi hubeba mfuko huo, hutafuta mpira majanini, na akiwa na akili humshauri bwana wake achukue fimbo ipi. Wachezaji wengi wa kulipwa katika Afrika Mashariki walianza hivyo hivyo, mifuko ya watu mabegani.

Baba yake hakuyapokea maneno hayo. "Amekwenda mjini kuwa punda wa matajiri," alisema, na kwa muda wa miaka sita hakumpigia simu hata mara moja. Salamu zilipita kwetu. Sisi tukawa posta.

Makedi wale waliruhusiwa kucheza wenyewe siku moja kwa wiki, na mwanetu akaupenda mchezo. Akawa anacheza kama mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa, akitumaini kwamba siku moja atalipwa. Kila jioni baada ya kazi alipiga mipira mingi, na usiku aliendesha bodaboda ya mtu ili apate hela ya chakula. Haya yote hatukuyajua. Tulijua tu kwamba yu mzima na kwamba anaenda kanisani, maana ndivyo alivyotuambia, na wazazi huambiwa yanayowafaa.

Mwezi wa pili mwaka 2023 akarudi bila kutuarifu. Tulikuwa mchangani tunageuza usipa. Tukamwona mtu anashuka kutoka stendi anatembea kama mzee, mkono mmoja kiunoni, begi analiburuta. Mmoja wetu akasema, "Huyo mzee ni nani?" Alikuwa mwanetu, mwenye miaka 24.

Hatuwezi kueleza vizuri hofu tuliyokuwa nayo wiki ile. Asubuhi hakuweza kuinama avae viatu. Kukohoa tu kulimtoa machozi. Majirani walianza kusema yao. Wapo waliosema kifua kikuu kimeingia uti wa mgongo, wapo waliosema ule ugonjwa mwingine, na wapo waliosema amechezewa na watu huko mjini. Baba yake alipita mlangoni asubuhi na jioni bila kusema neno, na sisi tukamwona kuwa mkatili. Baadaye tulikuja kujua kwamba kila alfajiri alikuwa akisimama nyuma ya nyumba, akisikiliza kama kijana anaweza kuamka.

Tukauza mbuzi wawili, tukampeleka hospitali Songea. Wakampiga picha, mifupa ikaonekana haina neno. Tukapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mdogo mwenye sauti ya upole. Hakumwandikia dawa kwanza. Alimuuliza, "Wewe unafanya kazi gani?" Mwanetu akaeleza yote: mifuko, mipira 200 kwa siku, bodaboda hadi saa sita usiku. Ndipo na sisi tukayasikia kwa mara ya kwanza. Mtaalamu akamlaza, akaukunja mguu, akaugeuza ndani na nje. Ulikuwa mgumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Akasema shida inaanzia kwenye nyonga. Mtu anayekaa saa nyingi juu ya pikipiki nyonga zake hukakamaa. Kisha anasimama anazungusha fimbo kwa nguvu, na kwa kuwa nyonga zinakataa kugeuka, mgongo wa chini unalazimika kugeuka badala yake. Nao haukuumbwa kwa kazi hiyo. Pingili za pale chini zinajua kukunjika na kunyooka, lakini kuzunguka zinazunguka kidogo mno. Mzunguko mkubwa wa mwili wa binadamu hutoka sehemu mbili: kwenye nyonga, na juu kifuani.

Tukawa tunaitikia kwa vichwa. Hapo yule mtaalamu akageuka, akamtazama mmoja wetu, akasema, "Na wewe mama, mbona muda wote umeshika ukuta?"

Wasomaji wapendwa, miaka mitatu mmoja wetu alikuwa anaumwa mgongo na mwenzake hajui. Tunaishi nyumba mbili zinazotazamana, tunakula chungu kimoja, na hakusema. Aliamka mapema kuliko wengine ili asionekane anavyojinyoosha kwa kushika kitanda. Alipoulizwa pale hospitalini kwa nini hakusema, alijibu, "Ningelisema nani angelima?" Mwenzake alilia, na aliyekuwa anaumwa ndiye aliyembembeleza.

Mtaalamu alitueleza pia dalili ambazo mtu hapaswi kungoja nazo. Tunaziandika hapa maana zinaweza kumsaidia mtu. Maumivu ya mgongo yakiambatana na miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, au mtu akishindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, au akipoteza hisia sehemu za siri, hiyo si ya kusubiri kesho. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile mgongo unaouma pamoja na homa za jioni na kukonda, uchunguzwe. Kwa hao wetu wawili hayo yote hayakuwapo. Wakapewa mazoezi, wakaambiwa wasilale kitandani mchana kutwa bali watembee, na mama akaambiwa apumzike kulima wiki sita.

Wiki sita! Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa pili. Mwezi wa tatu kwetu ni mwezi wa ngoro.

Kwa ambao hawajafika kwetu tueleze kidogo. Umatengo ni nchi ya milima mikali, na mababu zetu waliona udongo ukishuka na mvua kwenda mabondeni. Wakabuni kilimo cha ngoro. Mvua zikikaribia mwisho, majani hufyekwa, huachwa yakauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatana mpaka shamba zima linakuwa kama dirisha lenye vioo vingi vya mraba. Halafu udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya majani pande zote. Katikati linabaki shimo, na pembeni yanabaki matuta yenye majani ndani yake. Maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kukimbia na udongo, majani huoza yakawa mbolea. Juu ya matuta tunapanda maharagwe mwezi wa tatu, na baada ya kuyavuna, mvua mpya zikianza, mahindi. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Japani walifika Mbinga kuichunguza kazi hii na wakaisifu sana. Kupanga majani ni kazi ya wanaume. Kuchimba ni kazi ya wanawake. Mgawanyo huu wanaume wetu hawajawahi kulalamika juu yake.

Shamba letu la ngoro tuliachiwa na marehemu mama yetu, na maharagwe yake ndiyo ada za shule za wadogo zake kijana. Kwa hiyo tukapanda mlimani wote watatu: mgonjwa mmoja, mgonjwa wa pili, na mmoja mzima. Siku hizi barabara ya Mbinga ni ya lami, safari si mateso kama zamani. Tuliwaita ndugu kwa ngokela, yaani kazi ya kusaidiana, leo kwako kesho kwangu, na shangazi yetu akaja. Ana zaidi ya miaka 70, mwembamba kama ufito, na hajawahi kulalamika mgongo.

Mwanetu alikuwa na fimbo moja ya gofu, ya chuma, kuukuu, aliyopewa na mchezaji mmoja. Alikuja nayo shambani akiitumia kama mkongojo. Akakaa pembeni kwenye jiwe, haya zimemjaa, kijana wa kiume ametazama akina mama wakichimba. Siku ya kwanza hakusema. Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, akasimama ghafla akasema, "Mama Mdogo, hebu acheni. Mtazameni Bibi."

Tukamtazama shangazi. Hatukuona kitu. Ni mtu analima.

"Tazameni mguu," akasema.

Ndipo tukaona. Jembe la shangazi lilipokuwa bado juu, nyuma ya bega, mguu wake wa mbele ulikuwa umeshakanyaga na kisigino kimezama. Halafu nyonga ikageuka. Halafu kifua. Mabega yakafuata, mikono ikafuata, na jembe likaja mwisho kabisa, kama mtu aliyeitwa mara tano ndipo akaitikia. Nalo halikuja kwa nguvu zake. Lilikuja kwa uzito wake lenyewe, likazama. Na alipotupa udongo pembeni, vidole vya miguu yake viligeuka kuelekea kule unakokwenda udongo, kitovu kikafuata vidole. Hakutupa udongo hata mara moja miguu ikiwa imetazama mbele na mgongo umejisokota. Tena aliuchota kidogo kidogo. Akimaliza mashimo ya mstari mmoja, mkono uliokuwa mbele unakwenda nyuma, na anaanza mstari wa pili kwa upande wa pili.

Kisha mwanetu akatuonyesha tunavyolima sisi. Aliigiza, na akina mama wa ngokela wakacheka mpaka wakakaa chini. Miguu tumeipigilia misumari. Magoti yamenyooka. Tumekunjika kiunoni kama kisu cha mfukoni. Mikono inaanza, inavuta jembe kwa nguvu, na mwili unaburutwa nyuma yake. Udongo tunautupa kwa kusokota mgongo, upande uleule mmoja, tangu asubuhi hadi jioni.

"Na mimi," akasema, na sasa hakuwa anaigiza, "ndivyo ninavyopiga mpira."

Jioni zile kwenye moto alitueleza mchezo wake, na kwa mara ya kwanza tulimsikiliza kama mtu mwenye elimu. Mpigaji mzuri huanza kwa kugeuka: mabega hugeuka karibu robo ya mzunguko mzima, nyonga nusu ya hapo, na uzito unakwenda mguu wa nyuma. Wakati wa kurudi, mambo yote yapo katika zamu. Wa kwanza ni mguu wa mbele unaokanyaga, kisha nyonga, kisha kifua, kisha mikono, na fimbo mwisho. Tulimuuliza kwa nini zamu, kwa nini visije vyote pamoja viwe na nguvu zaidi. Akajibu kwa mfano ambao tumeushika. Alisema mfikirie mko kwenye basi la Songea. Dereva akishika breki ghafla, basi linasimama lakini mama anatupwa mbele. Mama naye akijizuia kwa kushika kiti, mtoto aliyempakata anatupwa mbele zaidi. Ndivyo mwili unavyofanya. Nyonga inakwenda kasi, halafu inashika breki, na kasi yake inapokelewa na kifua. Kifua kinashika breki, mikono inapokea. Mikono inashika breki, fimbo inapokea yote, na ndiyo inayokwenda kasi kuliko vyote ingawa ilikuwa ya mwisho.

Mchezaji wa ridhaa, alisema, huona mpira na kuutamani. Mikono inaruka kabla ya zamu yake. Basi haina kasi ya kupokea kwa mtu, lazima itumie yake yenyewe, na ni ndogo. Pia mabega yakitangulia, fimbo huja kutoka nje na kuukata mpira kuelekea ndani, kama mtu anayepangusa meza akiuvuta mkono kwake. Mpira unazunguka vibaya na kupinda kuelekea kulia, kama mtu anayemkwepa anayemdai. Mwanetu aliyaona hayo kwa miaka miwili na dawa aliyojipa ilikuwa kuongeza nguvu. Ndiyo iliyomvunja mgongo.

Alitusimulia pia habari za Mmarekani mmoja, Ben Hogan, aliyeanza kama kedi akiwa mtoto huko Texas. Mwezi wa pili mwaka 1949 alikuwa anaendesha gari na mkewe Valerie, ukungu umetanda, na basi likawajia uso kwa uso. Hogan akajitupa mbele ya mkewe amkinge. Mke alipona akiwa na majeraha madogo. Yeye alivunjika nyonga, mtulinga, ubavu na kifundo cha mguu, na ilihofiwa hatatembea tena. Mwaka 1950 alishinda mashindano ya wazi ya Marekani akiwa amefungwa bandeji miguuni. Miaka saba baadaye, mwaka 1957, alitoa kitabu cha masomo matano ya gofu, na humo alisisitiza kwamba mapigo huanzishwa na nyonga. Mtu aliyevunjika nyonga! Shangazi hakuelewa gofu hata chembe, lakini alimtaka kijana arudie mara mbili pale mume alipojitupa mbele ya mkewe. Alisema angependa kumwona huyo mwanamume.

Tulifanya nini baada ya hapo? Mama mgonjwa hakulima wiki zile. Alipanda mbegu, alipika, na alifanya mazoezi aliyopewa. Lakini alijifunza kwa mpini mtupu, bila jembe. Mwanetu alimwekea mpini mabegani, akamtaka ageuke kulia na kushoto polepole huku akihisi kisigino kinapokanyaga. Zoezi jingine ni la hatua: unasimama miguu pamoja, unageuka nyuma, na kabla mikono haijarudi unapiga hatua mbele kwa mguu wa mbele. Hatua ikitangulia, mikono haina njia ila kusubiri. Kijana alisema makedi wanafanya hilo hilo kwa fimbo. Lingine ni la sauti. Shika ufito mwembamba uupitishe hewani. Ukilia "vuuu" mapema, kabla ya kufika mbele yako, mikono imetangulia. Ukilia baada ya kupita, zamu imekwenda sawa. Watoto wa mlimani walilipenda zoezi hili kupita kiasi, na kwa siku mbili hapakuwa na ufito uliobaki kwenye ua wa mtu.

Tulipoeleza habari hizi kwenye jumuiya yetu na kusema "kiuno kwanza, mikono baadaye", akina mama waliangua kicheko, na mzee mmoja alikohoa akatoka nje. Neno kiuno lina mambo yake. Sisi tunazungumzia jembe.

Tusiwadanganye, jembe si fimbo ya gofu. Fimbo huzunguka mwili kutoka upande mpaka upande, jembe hushuka. Anayeinama kwa kukunja mgongo badala ya kukunja magoti na nyonga ataumia hata akifuata zamu vizuri. Mpini mfupi nao ni adui. Tumebadilisha mipini yetu yote ikawa mirefu zaidi, na tunachimba tukiwa tumesimama upande wa chini wa mteremko tukitazama mlima, kama shangazi, ili ardhi iwe karibu na mkono. Mume wa mmoja wetu alisema mipini mirefu ni ya wavivu. Tukampa jembe fupi achimbe mashimo matatu. Hajasema tena.

Tuliporudi ziwani mwezi wa nne, mwanetu alikuwa anainama na kuvaa viatu mwenyewe. Alianza kupiga mpira mchangani, polepole, mapigo kumi ya taratibu kabla ya moja la kasi. Alikuwa na mipira mitatu. Miwili ilizama ziwani siku ya kwanza, na ziwa letu si la kuliomba likurudishie kitu. Wa tatu aliuhifadhi, akapigia karatasi zilizofungwa kwa uzi.

Baba yake alikuwa anashona nyavu chini ya mwembe, umbali wa hatua kama 30. Siku nne alishona bila kuinua kichwa. Jioni ya tano kijana alikuwa anafanya zoezi la hatua, nyuma, hatua, mapigo, nyuma, hatua, mapigo, na tukaona mzee ameacha sindano ya nyavu. Akatazama kitambo. Akasimama, akachukua kafi, akasema, "Wewe. Njoo."

Waliingia kwenye mtumbwi mdogo. Sisi tulikuwa tunakusanya usipa na hatukusogea, hata inzi hatukufukuza. Upepo ulikuwa umelala na sauti zilifika nchi kavu. Mzee alimpa kijana kafi. "Vuta." Kijana akavuta. "Tena." Akavuta tena. Kisha tukamsikia mzee akisema, "Mkono huo utakufa kabla hujaona Liuli. Kafi halivutwi na mkono. Sukuma kwa mguu hapo kwenye mbao, geuza kiuno, mkono ushike tu." Akachukua kafi akamwonyesha. Sisi tuliomwona mzee huyo akivuta kafi kwa zaidi ya miaka 25 hatukuwahi kuliangalia hilo, kwamba mkono wake unabaki umenyooka na ni mgongo wa juu unaogeuka. Walikwenda mpaka karibu na miamba, wakarudi giza likiingia. Kijana ndiye aliyekuwa anavuta. Walipofika mzee alisema anataka ugali wenye moto, na hakuongeza kitu. Neno gofu hajalitamka hadi leo.

Mwanetu alirudi Dar es Salaam mwezi wa sita, baada ya maharagwe. Bodaboda ameiacha. Anapiga mipira 60 kwa siku badala ya 200, na kabla ya hapo anafungua nyonga zake kwa mazoezi kama alivyofundishwa Songea. Anasema mpira bado unapinda kulia akiwa na haraka, au akitazamwa na watu. Mwaka uliofuata alishiriki mashindano ya makedi akawa wa 11, na alivyotutangazia kwenye simu mngedhani ameleta kombe. Tukampa baba yake simu. Akauliza, "Wa 11 kati ya wangapi?" Jibu hatukulisikia, maana mzee alikuwa ameondoka na simu kuelekea kwenye mitumbwi, na alikaa huko mpaka salio la kijana likaisha.

Mama mgonjwa analima. Asubuhi za baridi mgongo bado unamkumbusha, na siku hizi anasema, tena kwa sauti, hata wakati ambao tungependa anyamaze. Anachimba mashimo machache kuliko zamani, lakini haukosi msimu. Shangazi angali anatupita sote.

Ile fimbo ya chuma kijana aliiacha hapa, maana alipewa nyingine. Tumeitundika ukutani pamoja na majembe. Mzee ndiye anayeitumia. Anafukuzia mbuzi kwenye usipa, na tumemwona, akidhani yuko peke yake, akipiga hatua kwanza.